Mikebe Ilipogoma Siku ya Idi

Vijana wangu wa ofisi ya ratiba, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na daftari tupu. Saa nimeitundika. Daftari mkaniambia nilijaze mambo ya kazi, nanyi mtalisoma. Sijui kama mtalisoma. Mimi mwenyewe nilipewa karatasi nyingi za kusoma katika kazi hii ya kupanga picha za sinema, na nyingi nilizifungia visheti. Lakini nimekubali, basi naandika, na nitaandika ya mwanzoni tu, miaka ya mwisho ya Mwingereza, kwa sababu yaliyofuata mliyaona wenyewe. Na kwa sababu kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya wakati huo.

Nilianza mlangoni. Ukumbi wetu wa Kisauni ulikuwa banda refu la mabati, mabenchi ya mbao, na magunia madirishani ya kuzuia jua. Jumapili mchana ilikuwa zamu ya wanawake peke yao, na picha ya wanawake yataka mwanamke mlangoni, maana hakuna mume wa Kisauni ambaye angeridhia mkewe apokewe na mwanamume. Walitafuta msichana ajuaye kusoma na asiyeogopa kelele. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba alikuwa amefariki, na mamangu alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hilo: hapana.

Aliyemlainisha ni Ami Nassoro. Hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa jirani, na ndiye aliyeendesha mashine ya picha pale ukumbini. Alikuja baada ya Alasiri, akaketi barazani, akanywa kahawa vikombe vitatu, akazungumza habari za paa letu linalovuja, kisha ndipo akataja kazi. Mama alimsikiliza huku anachambua mchele.

"Sikiza, Nassoro," alisema. "Mwanangu atafanya hiyo kazi mpaka Idi. Siku ya Idi nitakuja mwenyewe niione. Nikiona ni upuuzi, arudi nyumbani na yaishe."

"Na ukiona si upuuzi, Bi. Mkubwa?"

"Nitasema nikishaona."

Mamangu hakuwa amewahi kuona sinema maishani mwake, na akisema amesema. Nilihesabu kwa vidole: nilikuwa na miezi minane.

Siku ya kwanza Ami alinipandisha kwenye kile chumba cha mashine, kidogo kama stoo, joto la kuoka mkate. Picha moja ilikuwa mikebe minane ya bati, na kila mkebe una utepe wake wa filamu wa dakika kama kumi. Alitazama mikono yangu, akaniuliza nimekula nini. Nikasema kaimati. Akanirudisha chini nikanawe kwa sabuni mara mbili. Kisha akanifundisha kupitisha ukingo wa filamu katikati ya kidole gumba na cha shahada, macho nimefumba, ili nisikie penye tundu lililopasuka kabla mashine haijalisikia. Nilijikata mara nyingi. Akanifundisha pia kwamba kila mkebe ukiisha hurudishwa nyuma mpaka mwanzo wake kabla haujatoka mlangoni, kwa sababu ukiuweka mashineni bila kurudishwa, watu watembea kinyumenyume, kichwa chini, na ukumbi mzima wakucheka wewe. Nanyi msiorudisha chochote nyuma hamjui raha mliyo nayo.

Sasa nieleze ule utaratibu, maana bila huo hamtaelewa kosa. Picha zilikuwa chache na kumbi zilikuwa na njaa. Sisi Kisauni na wenzetu wa Changamwe tulikuwa na picha moja moja, na kila mchana kila ukumbi ulitaka kuonyesha mbili. Basi sisi tulianza na yetu, wao wakaanza na yao, na katikati tukabadilishana. Mchukuzi wetu, Katana, mtu wa Kaloleni mwenye miguu ya chuma na watoto watano, alifunga mikebe minane katika gunia nyuma ya baiskeli, akavuka daraja la Nyali, akakutana na mwenzake wa Changamwe pale Makupa. Huyu apa gunia, yule apa gunia, kila mtu kwao.

Kukabidhiana mkono kwa mkono kulikuwa na sababu yake. Zamani kidogo Bwana Mwachiro, msimamizi wa ukumbi wa Changamwe, alitoa mikebe yake kwanza kwa uungwana. Aliyopaswa kupokea haikufika, baiskeli ilipasuka mpira njiani. Watazamaji wake walikuwa wafanyakazi wa reli waliokuwa wamengoja wiki nzima. Walivunja mabenchi saba. Tangu siku hiyo Mwachiro alikula kiapo: mkebe hautoki kwake mpaka mwenzake uingie. Sheria hiyo tuliiita mkebe kwa mkebe, na kwa kumbi mbili haikutusumbua hata siku moja.

Ami alipoona mwandiko wangu ni mzuri, alinipa kazi ya kuandika ratiba. Na hapo ndipo alipotoa mfuko wa vifuniko vya soda.

"Kila ukumbi una mambo mawili," alisema. "La kwanza, kumaliza picha yake. La pili, kupokea nyingine. Basi kila ukumbi vifuniko viwili. Hebu nipangie mstari: nani atangulia, nani afuata. Kisha upange mstari mwingine, mpaka ziishe njia zote ambazo mchana unaweza kwenda."

Nilipiga magoti sakafuni nikapanga. Kwa kumbi mbili zilitoka njia sita.

"Katika sita hizo, iko ya kutukwamisha?"

"Haiko, Ami. Wakutana Makupa."

"Vyema. Sasa waweza kuandika."

Baadaye ukafunguliwa ukumbi wa Likoni, kumbi zikawa tatu, na Makupa ikawa mbali kwa mtu wa Likoni ambaye ana kivuko cha kungojea. Nikabadilisha. Jumapili mchana gari la ofisi ya mjini, iliyokodisha picha kwa kumbi zote, lilituletea sisi Kisauni picha mpya. Tukishaipokea, ya kwetu ikawa huru kwenda Likoni. Likoni wakishaipokea hiyo, ya kwao ikawa huru kwenda Changamwe. Ya Changamwe ikarudi ofisini. Kila ukumbi ulimtuma mtu wake kufuata picha kule inakotoka. Sheria ya mkebe kwa mkebe niliibakisha ilivyo, kwa sababu bila hiyo Mwachiro asingetia sahihi.

"Ipange kwa vifuniko," alisema Ami.

Nikapanga, rangi tatu sasa. Nilipofika kama mstari wa arubaini magoti yaliniuma.

"Ami, njia hizi ni ngapi?"

"Tisini."

"Na tukiongeza ukumbi wa nne?"

Alichukua chaki akapiga hesabu ukutani, taratibu, akaandika: elfu mbili mia tano na ishirini. Nikacheka. Kumbi nne tu, vifuniko vinane, vyote vyaenea kwenye kiganja! Nilimwambia amekosea. Akanipa chaki nimsahihishe, nikashindwa.

"Basi hizi hamsini zilizobaki," nikasema, "zitakuwa kama hizi arubaini. Nimeona mwendo wake."

Ami alinitazama. "Wasema wewe," akasema, akaenda kutia mafuta kwenye injini ya umeme.

Ratiba yangu ilikwenda Jumapili baada ya Jumapili bila hitilafu. Mwachiro alinisifu. Nilivimba kichwa, nasema kweli.

Ikaja Idi. Kumbi zote tatu zilipanga picha mbili, zianze saa saba u nusu. Sisi tulikuwa na wanawake na tulikuwa na mpaka wetu: adhana ya Maghrib haimkuti mwanamke hata mmoja ndani. Ami alikuwa amewapa ahadi wazee wa mtaa kwa mdomo wake mwenyewe. Likoni na Changamwe walikuwa na wanaume na wangeweza kuonyesha mpaka usiku wakitaka. Na kwa kuwa ni sikukuu, ofisi ya mjini ilifungwa. Hakuna gari, hakuna picha mpya.

Nikaona ni jambo dogo. Katika ratiba, penye "Kisauni itapokea kutoka ofisini", nilipiga mstari juu ya neno moja nikaandika "Changamwe". Ya Changamwe si ilikuwa yarudi mjini? Basi ije kwetu. Vifuniko sikuvigusa. Ami aliuliza kama nimevipanga, nikamjibu nimevipanga zamani.

Mama alikuja saa saba na robo, buibui jipya, harufu ya udi, akaketi benchi la pili, katikati. Hakunisalimu kama mwana. Alinipa tikiti yake kama mtu yeyote, akasubiri niichane, akapita. Wanawake walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikeka. Picha ya kwanza ilikwenda vizuri, vigelegele na vilio mahali pake, na kila taa ilipowashwa kubadilisha mkebe nilimtazama mama. Uso wake haukuniambia kitu.

Saa tisa ikaisha. Wengine wakatoka kuswali Alasiri kwenye ua wa nyuma, wengine wakafungua vikapu vya mahamri. Katana alikuwa Changamwe tangu kitambo, akifuata picha yetu ya pili. Na kwenye benchi langu la mlangoni alikuwa ameketi Juma, mchukuzi wa Likoni, mtu mzima wa mtaa wa Shika Adabu, amekuja kufuata ya kwetu. Tulimpa maji na haluwa.

Saa kumi kasorobo. Saa kumi. Katana hajatokea. Mikebe yetu minane ilikuwa tayari, imerudishwa, imefungwa, iko miguuni pangu. Juma aliitazama, mimi nikatazama barabara.

"Bibi," alisema Juma, "samahani. Sisi Likoni picha ya kwanza imekwisha zamani sasa. Yakhe, nipe niende."

"Siwezi kukupa mpaka ya kwangu ifike. Wajua sheria."

"Naijua. Ya kwako yatoka wapi?"

"Changamwe."

"Na Changamwe wangoja ya nani?"

Nikaifungua ratiba, kidole juu ya jina la Changamwe.

"Wangoja ya kwetu," Juma akajijibu mwenyewe. "Mtu wao nilipishana naye kivukoni akielekea Likoni. Basi na yeye atakuwa ameketi kwenye benchi la kwetu hivi, apewa haluwa. Na wa kwetu hawampi mpaka mimi nirudi. Nami nakungoja wewe."

Niliwaona wote watatu, Katana, Juma na yule wa Changamwe, kila mmoja ameketi kwenye benchi la mwenzake, na kila msimamizi ameshika ratiba yangu, aisoma na kuitii neno kwa neno. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyekosea ila mimi. Tungeweza kukaa hivyo mpaka Idi ya pili.

Nilipanda kwa Ami mbio. Nilimweleza kwa pumzi moja. Hakunikemea, na ningependa angenikemea.

"Ni katika zile hamsini?" aliuliza.

"Ni katika zile hamsini. Wote watatu wamaliza kabla hata mmoja hajapokea."

"Utafanyaje?"

Simu ya karibu ilikuwa ya duka lililofungwa kwa sikukuu. Baiskeli yetu ilikuwa moja, nayo iko Changamwe na Katana. Hata ningempata Mwachiro, mtu aliyevunjiwa mabenchi hafungui mkono kwa maneno. Kitu pekee nilichoweza kukiamuru mimi ni ile mikebe minane kule mlangoni.

"Nitampa Juma," nikasema.

"Ukitoa wewe kwanza utapokea mwisho. Ifike Likoni, ya Likoni iende Changamwe, ndipo ya Changamwe ije kwako. Hiyo ni Maghrib, mwanangu. Na wale wawili wana usiku kucha, wewe huna. Na mamako yuko pale chini."

"Najua aliko mamangu, Ami!"

Nilishuka nikampa Juma gunia. Alilishika, akanitazama usoni, hakuondoka. "Wallahi wanipa? Bila kupokea?" Nikamwambia aende upesi kabla sijabadili nia. Akaruka juu ya baiskeli.

Kisha nikaingia ukumbini na kusimama mbele ya kitambaa cheupe. Nilitaka kusema baiskeli imeharibika. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mama alikuwa benchi la pili ananitazama, na tangu utotoni sijawahi kumdanganya asinigundue. Nikasema: "Mama zangu, picha ya pili imekwama, na aliyeikwamisha ni mimi. Niliandika ratiba vibaya. Itakuja, lakini itachelewa, na huenda isiwahi."

Lo! Bi. Rukia, mwenye sauti iliyosikika mpaka Frere Town, alisimama akaniuliza kama nilisomeshwa ili nije kuwaharibia watu Idi. Mwingine akasema wangemweka mwanamume. Kama ishirini hivi walikusanya watoto wao wakaondoka wakisonya, na kila msonyo niliuhisi mgongoni. Waliobaki walikaa kwa uvivu wa sikukuu. Mmoja akaanza kuimba, mwingine akapiga mkebe mtupu wa biskuti, na muda si muda akina mama walikuwa safu mbili katikati ya mabenchi, wakicheza, Bi. Rukia mbele. Mama hakucheza. Alikaa palepale, mkoba mapajani. Nilipopita karibu yake nilipunguza mwendo, nikitumai atasema lolote. Akavuta buibui lake nipite.

Katana alifika jua limeshashuka nyuma ya minazi, shati limegandana na mgongo, hawezi kusema. Ami alichungulia saa, akanifanyia ishara kwa kidole kimoja kutoka kwenye kidirisha chake. Mkebe mmoja. Dakika kumi, zaidi ya hapo ni adhana.

Nikawaeleza. Picha ina mikebe minane, tuna nafasi ya mmoja, nao ni wa kwanza.

"Mwanzo wa nini?" sauti ikatoka benchi la pili. Ilikuwa mara ya kwanza mama kunena tangu aingie. "Nikishaona mwanzo nitakwenda nyumbani kukesha? Tuwekee wa mwisho."

"Wa mwisho!" Bi. Rukia akadakia, na ukumbi mzima ukaitikia.

Basi Ami akaweka wa nane. Mwanamume akalia miguuni pa bibi kizee. Barua ikachanwa. Msichana mwenye ua kichwani akapanda gari la farasi, akarudi, akashuka. Hakuna mmoja wetu aliyejua ni akina nani, na wanawake walilia kwa kwikwi. Utepe ulipoisha nilifungua milango, na adhana ilimkuta wa mwisho ameshavuka kizingiti, nasema hivi kwa uhakika kwa sababu wa mwisho alikuwa mimi.

Nimalize ya kazi, kisha nirudi kwa mama. Wiki ile ile nilikwenda Changamwe na Likoni nikawaambia wasimamizi kosa ni langu, nikaandika sheria mpya. Kila duara lazima liwe na ukumbi mmoja unaotoa bila kungoja kupokea. Ukumbi huo utajwe kwa jina juu ya karatasi, ubadilike kila wiki, na uachiwe picha fupi ya akiba ili watu wake wasikae bure. Mwachiro alibisha siku mbili. Nilimwambia wa kwanza kutoa nitakuwa mimi, kisha Likoni, ndipo yeye. Akatia sahihi. Wiki ya Uhuru tulikuwa na kumbi nne, kila mtu akitaka kuona picha ya bendera ikipanda, na mikebe ilizunguka bila kusimama. Zile njia elfu mbili na mia tano sikuzipanga. Nilitafuta kitu kimoja tu katika karatasi: je, yuko asiyemngoja mtu? Nikimpata, naanza kwake namfuata aliye nyuma yake, na wa nyuma yake, nafika mwisho kwa hatua nne. Nisipompata, naichana karatasi. Na ninyi mfanye hivyo hivyo, hata mkiwa na simu tatu mezani, kwa sababu simu haitawaambia kwamba kila mtu amngoja mwenzake. Kila mtu atawaambia yuko tayari, na atakuwa asema kweli.

Sasa mama. Tulirudi nyumbani kwa miguu jioni ile, yeye mbele, mimi nyuma. Miezi yangu minane ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimeanza kuzoea moyoni kwamba nitashinda jikoni. Tulipita msikitini, tukapita kisimani. Tulipofika kwenye uchochoro wetu akasimama.

"Mwanakombo."

"Abee, mama."

"Yule mwanamume aliyelia miguuni pa yule kizee, alimkosea nini?"

"Sijui, mama. Nami sikuona mwanzo."

"Ni mwanawe?"

"Sijui."

"Na ile barua?"

"Sijui, mama."

Akatafuta ufunguo mkobani.

"Jumapili uende ukaulize," akasema. "Kisha uje unambie."

"Niende kazini?"

"Sasa utaulizia wapi, kwenye chungu changu?"

Nilikwenda Jumapili ile. Nimerudi mwezi uliopita.